Kampeni Mbili za Maude: Ari, Maradhi na Kero ya Nyumbani



Mwaka 1976 shirika la televisheni la CBS la Marekani lilirusha hadithi ya sehemu mbili katika kipindi chake cha vichekesho kilichoitwa Maude. Mhusika mkuu, Maude Findlay, ni mwanamke wa makamo anayeishi Tuckahoe, katika kaunti ya Westchester, kaskazini kidogo ya jiji la New York. Yuko na mume wake wa nne, Walter, mwenye duka la vyombo vya umeme. Binti yake Carol, aliyeachana na mumewe, amerudi kuishi naye pamoja na mjukuu. Jirani yao, daktari Arthur Harmon, ni shabiki sugu wa chama cha Republican, na Maude hapatani naye katika jambo lolote la siasa. Katika hadithi hiyo Maude anashikwa na wazo kwamba mwigizaji wa filamu Henry Fonda awe rais wa Marekani, na kwamba yeye ndiye atakayemfikisha Ikulu. Fonda hajaulizwa. Maude anaanza kumpigia debe, mpango unazaa mpango, na nyumba nzima inageuka ofisi ya kampeni ya mtu ambaye hajatangaza kugombea chochote. Fonda halisi anaingia kwenye hadithi akiigiza nafsi yake, na hautaki urais huo. Katika sehemu ya pili watu wa nyumbani wanaelewa kwamba lililokuwa likiwasumbua ni ugonjwa: Maude ana maradhi ambayo madaktari leo huyaita baipola, yale yanayompandisha mtu juu kupita kiasi, kisha yakamshusha hadi mahali pasipo na tumaini.

Hadithi hii imekumbukwa zaidi kwa ujasiri wake wa kuyataja waziwazi maradhi ya akili mbele ya mamilioni ya watazamaji. Sifa hiyo inastahili, lakini hadithi ikisomwa peke yake hupoteza nusu ya maana. Miezi michache tu kabla, msimu huohuo wa kipindi ulifunguliwa na kampeni nyingine ya Maude. Katika majira ya vuli ya 1975 aligombea useneta wa jimbo la New York, yeye mwenyewe, kwa jina lake, na kampeni ile pia iliivuruga ndoa yake. Tunazo basi kampeni mbili za mwanamke mmoja, katika nyumba moja, mbele ya familia ileile, na zote mbili zinaleta machozi. Moja ilikuwa haki yake, nyingine ilikuwa maradhi. Hoja yangu leo ni kwamba kero inayoipata familia haiwezi kutuambia ipi ni ipi. Anayetaka kujua kama ari ya mtu imevuka mpaka lazima atafute ushahidi mahali pengine, na kipindi hiki, pamoja na dosari zake, kinaonyesha mahali penyewe.

Tuanze na kampeni ya kwanza, maana ndiyo iliyosahauliwa. Maude anapoamua kuwania useneta wa jimbo, Walter anampa sharti: aendelee na uchaguzi au aendelee na ndoa. Maude anachagua kugombea, Walter anaondoka, na wawili hao wanatengana kwa muda. Mwishowe Maude anashindwa. Ukiipima kampeni ile kwa maumivu iliyoyaleta, Maude ana hatia: nyumba iligawanyika na kiti hakupata. Mtazamaji wa wakati ule angeweza kabisa kusema mama huyu amezidi, amejisahau, siasa zimempanda kichwani. Lakini tuitazame nchi aliyogombea. Katika Bunge la Marekani la mwaka 1975, Baraza la Wawakilishi lenye viti 435 lilikuwa na wanawake 19, na Seneti haikuwa na mwanamke hata mmoja. Ella Grasso wa Connecticut, jirani kabisa na Westchester, alichaguliwa gavana Novemba 1974, akawa mwanamke wa kwanza nchini humo kushika ugavana bila kumrithi mumewe. New York penyewe palikuwa na Shirley Chisholm, aliyewania urais mwaka 1972, na mbunge Bella Abzug, ambaye sauti yake kubwa na kofia zake vilisemwa na magazeti kama kwamba ni hoja dhidi yake. Na Novemba 1975 wapiga kura wa jimbo la New York walikataa kuingiza katika katiba ya jimbo lao kipengele cha usawa wa haki baina ya wanawake na wanaume. Mwanamke wa miaka hamsini hivi aliyesimama kugombea katika mazingira hayo alihitaji ari iliyopita kiasi cha kawaida, kwa sababu kiasi cha kawaida kilikuwa kimepangwa ili asigombee.

Walter naye tumtendee haki. Si mtu mwovu, na waandishi hawakumchora hivyo. Ni mume anayempenda mkewe na anayeogopa kuachwa kwenye nyumba tupu, na hofu hiyo ni ya kweli. Lakini hofu ya kweli inaweza kuzaa dai lisilo la haki. Mwaka 1973 kipindi hikihiki kilikuwa kimeonyesha, pia kwa sehemu mbili, jinsi ulevi wa Walter ulivyofikia hata kumpiga Maude, na jinsi mke huyo alivyobaki kupambana naye hadi akakubali kwamba ana tatizo. Maude alibeba mzigo wa mumewe pasipo kumpa sharti la kuondoka. Walter alipotakiwa kubeba ratiba ya mikutano ya kampeni, aliona mzigo umezidi. Hapa kero ya familia inatoka kwa yule anayelalamika, kwani ndiye aliyekataa kupunguza sehemu yake ya raha. Nalikazia jambo hili kwa sababu katika nyumba nyingi, za Westchester na kwingineko, mtu wa kwanza kusema kwamba siasa zinaivunja familia ndiye hupewa haki papo hapo, bila kuulizwa ni nani hasa anayeivunja.

Tuje kwenye kampeni ya pili. Jambo la kwanza linalomvutia mtazamaji ni kichekesho cha wazo lenyewe: mwigizaji kuwa rais! Wazo lile halikuwa la kichaa hata kidogo. Fonda alikuwa ameigiza kijana Abraham Lincoln mwaka 1939. Mwaka 1962, katika filamu Advise & Consent, aliigiza mtu aliyeteuliwa na rais kuwa waziri wa mambo ya nje. Mwaka 1964 aliigiza mwanasiasa anayetafuta uteuzi wa chama chake katika The Best Man, na mwaka huohuo akawa rais mwenyewe katika Fail Safe. Kwa kizazi cha Maude, uso wa Fonda ulikuwa uso wa kiongozi mwadilifu, na baada ya kashfa ya Watergate na kujiuzulu kwa Richard Nixon mwaka 1974, kiu ya uso wa namna hiyo ilikuwa kubwa. Zaidi ya hayo, wakati hadithi inarushwa, mwigizaji mwingine, Ronald Reagan, aliyekuwa gavana wa California kwa miaka minane, alikuwa tayari anapambana na rais Gerald Ford kugombea uteuzi wa chama cha Republican. Reagan nusura ashinde uteuzi ule, na mwaka 1980 alichaguliwa rais. Kwa hiyo anayedai kwamba Maude alijulikana ni mgonjwa kwa sababu alitaka mwigizaji atawale, itambidi awatangaze wagonjwa mamilioni ya Wamarekani waliopiga kura miaka minne baadaye.

Nalisisitiza hili kwa sababu kuna hatari kubwa katika kulichukua wazo la kisiasa kama dalili ya maradhi, na mwaka ule hatari hiyo haikuwa ya kubuni. Katika Muungano wa Kisovieti watu waliopinga serikali walikuwa wakifungiwa katika hospitali za magonjwa ya akili, na tamaa yao ya kuirekebisha nchi ikaandikwa kwenye majalada kama dalili. Mwanabiolojia Zhores Medvedev alifungiwa hivyo mwaka 1970. Mwanahisabati Leonid Plyushch alitoka hospitalini Januari 1976 baada ya kelele za dunia na kuhamia Ulaya Magharibi. Mwaka uliofuata, katika mkutano wake wa Honolulu, Chama cha Dunia cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili kilishutumu vitendo hivyo. Waliotendewa hayo walikuwa na watu wa nyumbani waliochoka na kuogopa, na pengine wapo waliotamani ndugu yao anyamaze tu. Uchovu wao ulikuwa wa haki, lakini haukuwa ushahidi kwamba ndugu yao anaumwa.

Ushahidi uko wapi, basi? Madaktari hawatazami kwanza mtu anaamini nini. Wanatazama kama analala, na kama asipolala anahisi uchovu au la. Wanatazama kasi ya maneno yake, jinsi wazo linavyolikatiza wazo, jinsi anavyotumia fedha, jinsi hasira inavyompanda anapozuiwa, na muda ambao hali hiyo imedumu. Wanauliza kama huyu ndiye mtu wanayemjua au amebadilika. Kisha husubiri kuona anaanguka wapi baada ya kupanda. Kampeni zenyewe nazo zina umbo, na umbo hilo linaweza kusomwa hata na asiye daktari. Kampeni ya vuli ilikuwa na mgombea aliyekubali kugombea, ilikuwa na kiti kinachojulikana na siku ya kupiga kura, na siku ile ilipopita Maude alikubali matokeo na kurudi nyumbani. Kampeni ya pili haikuwa na mgombea. Haikuwa na tarehe ya kwisha. Kukataa kwa Fonda, ambako kungeizima kampeni yoyote ya kweli, hakukuizima hii. Katika ile ya kwanza Maude alibishana na Walter, yaani alimsikia na akamkatalia. Katika hii ya pili haambiliki: maneno ya Walter na Carol hayamfikii hata ayakatae. Tofauti hii kati ya kukataa na kutosikia ndiyo ninayoiona kuwa kiini cha hadithi nzima, na familia inaweza kuigundua kabla ya daktari, ilimradi isiwe imeshazoea kuita kila ari ya mama yao ugomvi.

Na hapo ndipo familia ya Findlay ilipochelewa. Walikuwa wamemzoea. Maude, aliyeigizwa na Bea Arthur, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito, alikuwa tangu mwanzo mtu wa makubwa: kauli kubwa, hasira kubwa, michango na maandamano kwa kila jambo. Mhusika huyo alizaliwa ndani ya kipindi kingine cha mtayarishaji Norman Lear, All in the Family, akiwa binamu wa Edith Bunker anayekuja kupimana nguvu na Archie, mume wa Edith, na tangu 1972 alipopewa kipindi chake mwenyewe, ukubwa huo ndio uliokuwa chanzo cha kicheko. Kipindi kilirekodiwa mbele ya hadhira studioni. Hadhira ile inacheka Maude anapoanza habari za Fonda, na ina kila sababu ya kucheka, maana ndivyo miaka minne ilivyoizoesha. Lakini kicheko hicho kinamweka mtazamaji mahali palepale alipo Walter. Yeye pia ameziona dalili na kuziita tabia. Sehemu ya pili inapofika, anagundua kwamba alichokuwa akikichekea wiki iliyopita kilikuwa mateso, na hakuna mhadhara wa daktari ambao ungemfundisha somo hilo kwa namna ile. Wapo wanaosema vichekesho huyashusha hadhi maradhi. Katika kisa hiki nadhani kinyume chake ni kweli. Tamthilia ya majonzi ingemwandaa mtazamaji tangu dakika ya kwanza, na angejiona mwerevu kuliko familia. Vichekesho vilimnyima werevu huo.

Pingamizi zito zaidi ni la wale wanaosema kwamba hadithi hii, hata iwe na nia njema kiasi gani, iliwafundisha watazamaji kwamba mwanamke mwenye moto wa siasa anahitaji dawa. Silipuuzi. Waandishi wangeweza kuchagua dalili nyingine, kwa mfano ununuzi holela au mipango ya biashara isiyo na mtaji. Wakachagua kampeni ya urais, katika nchi ambayo Seneti yake haikuwa na mwanamke. Mtazamaji aliyewasha televisheni usiku ule tu, asiyeijua kampeni ya vuli, angeweza kuondoka na ujumbe mbaya kabisa. Hata hivyo mfululizo wa televisheni ni kazi ya majuma na miaka, na lazima uhukumiwe kwa mwendo wake wote. Kampeni ya useneta ilitangulia, na hakuna mtu ndani ya hadithi aliyeieleza kuwa ugonjwa. Baada ya hadithi ya Fonda, Maude hakunyamazishwa. Katika vipindi vya mwisho, mwaka 1978, aliingia Bunge la Marekani na kuhamia Washington pamoja na Walter. Kama waandishi wangetaka kusema kwamba siasa ndiyo iliyomfanya augue, wasingemkabidhi kiti Bungeni miaka miwili baadaye. Tena ugonjwa wake haukumfanya ajipiganie yeye. Ulimfanya ajisahau kwa ajili ya mwanamume ambaye hakumwomba. Alipogombea kwa jina lake mwenyewe alikuwa mzima.

Ninachokubaliana nacho moja kwa moja ni lawama dhidi ya tiba. Dawa inayotajwa ni lithiamu. Daktari John Cade wa Australia alichapisha matokeo yake ya kwanza juu ya dawa hiyo mwaka 1949, na Marekani iliiruhusu rasmi mwaka 1970, kwa hiyo ilipotajwa kwenye sebule za Wamarekani ilikuwa bado habari mpya kwa wengi. Ni dawa iliyookoa maisha mengi. Lakini si dawa ya kumeza na kusahau: kiwango chake katika damu lazima kipimwe mara kwa mara, kwani kipimo kinachotibu hakiko mbali na kinachodhuru, na figo na tezi ya shingo lazima ziangaliwe. Mgonjwa anaweza kuichukia kwa sababu inamwondolea ile nguvu aliyoipenda. Kwa familia, kazi ngumu huanza pale ugonjwa unapopata jina. Nani atauliza kama amekunywa dawa, na atauliza kwa sauti gani? Furaha ya kawaida itatofautishwaje na mwanzo wa kupanda tena? Mke atajisikiaje akiona kila wazo lake jipya linatazamwa kwa jicho la wasiwasi? Maswali haya kipindi hakikuyagusa. Ugonjwa ulipata jina na dawa, na hadithi za majuma yaliyofuata zikaendelea na mambo mengine. Hapo familia halisi zilizokuwa zikitazama ziliachwa peke yao, na naliona hilo kuwa pungufu kubwa kuliko yote ya kazi hii.

Pungufu hilo linauma zaidi kwa sababu chanzo cha Maude hakikuwa mbali na maarifa hayo. Norman Lear alieleza kwamba mhusika huyu alichotwa kwa sehemu kubwa kutoka kwa mkewe wa wakati ule, Frances Lear, mtetezi wa haki za wanawake ambaye baadaye alianzisha jarida la wanawake wa umri wa makamo. Mwaka 1992, katika kumbukumbu za maisha yake, Frances aliandika waziwazi kwamba naye aliishi na maradhi hayohayo. Kwa hiyo mwanamke aliyekuwa mfano wa Maude alikuwa na ari na ugonjwa kwa pamoja, katika mwili mmoja. Alifanya kazi ya maana akiwa na ugonjwa, na si kila jambo kubwa alilolitamani lilikuwa dalili. Wanaotaka kumgawa mtu kama huyo mara mbili, hapa mwanaharakati na pale mgonjwa, watakuta mstari wa mgawanyo haupo mahali wanapoutarajia.

Na nchi yenyewe ilikuwa imeonyesha karibuni tu inavyowatendea watu wa namna hiyo. Mwaka 1972 Seneta Thomas Eagleton wa Missouri aliteuliwa na chama cha Democratic kuwa mgombea mwenza wa George McGovern, mgombea urais wa chama hicho. Ilipojulikana kwamba aliwahi kulazwa hospitalini kwa ajili ya sonona na kutibiwa kwa mshtuko wa umeme, aliondolewa kwenye tiketi baada ya siku 18 tu, ingawa wapiga kura wa Missouri waliendelea kumchagua seneta hadi alipostaafu. Jirani yeyote wa Maude mwaka 1976 angekuwa analikumbuka tukio hilo. Mtu akijulikana ametibiwa, siasa ilikuwa tayari kumfungia mlango, na familia nyingi zilificha kwa sababu hiyo. Maude alipoingia Bungeni katika hadithi ya 1978, hilo lilikuwa jambo ambalo siasa ya kweli ilikuwa bado haijalizoea. Lakini Bea Arthur aliamua kuacha kipindi hapohapo, na hatukuwahi kumwona Maude akiwa mbunge kazini, akiwa na dawa zake, mikutano yake na mumewe.

Aliyetuonyesha hilo hakuwa mhusika wa televisheni. Mwaka 1994 Lynn Rivers, mwanasiasa wa Ann Arbor katika jimbo la Michigan, mke na mama, alikuwa akigombea kiti cha Baraza la Wawakilishi. Katika kipindi cha redio aliulizwa juu ya afya yake ya akili, naye akajibu waziwazi kwamba anatibiwa baipola. Aliendelea na kampeni, akashinda, na wapiga kura wale wakamrudisha Washington mara tatu zaidi, hadi 2003.